Mboga ya Majivu

Jumatatu, 4 Mei 2009

Jiko limekataa tena kuwaka. Mkaa una unyevu. Nimepuliza mpaka machozi yakanitoka. Chai ya Bibi, viazi vitamu viwili. Amekula nusu ya kimoja, akafunika sahani. "Asante, mume wangu. Nimeshiba."

Hajashiba. Namjua.

Hii ndiyo kazi yangu ya asubuhi tangu Mama afariki, mwezi wa tatu. Kuwasha jiko, chai ya Bibi, kufagia, halafu shule. Bibi ni mama yake Mama; "mume wangu" ni utani wake kwangu mimi mjukuu. Alikuja kutoka Ileje siku ya msiba na hajarudi kwao. Analala chumbani kwangu. Mimi nalala sebuleni kwenye mkeka. Sijali. Usiku nikisikia anakohoa najua nyumba ina mtu.

Jioni Baba ameleta nyama kwenye mfuko mweusi wa plastiki. Analeta kila siku anapolala nyumbani. Nimeichemsha na nyanya. Bibi ameila kwa macho tu.

Jumanne, 5 Mei

Leo klabu ya mazingira. Mwalimu wa Jiografia ametupa kazi ya mwezi mzima: tuangalie nyumbani kwetu tunatupa nini na tunakula nini. Mwisho wa mwezi kila mtu aandike tafakari yake. Akasema zipo nchi ambazo watu wameacha nyama kwa hiari yao, wanakula mimea tu, wanasema dunia inapona.

Ezekia akanyoosha mkono. "Mwalimu, hao watu wamepimwa akili?"

Darasa lote likacheka. Tabitha naye akasema sisi Kidato cha Tatu tumeshafaulu, kwa sababu hapa shuleni ni maharage kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, na Jumamosi ni maharage yenye mafuta kidogo. Hata Mwalimu alicheka.

Mimi nilicheka kidogo. Nilikuwa namfikiria Bibi. Yeye ameacha nyama kwa hiari yake na hajapona chochote.

Jumatano, 6 Mei

Vumbi. Foleni ya malori ya mpakani imefika mpaka karibu na shule. Madereva wanapikia chini ya matela yao na kutupa palepale. Maganda ya vitunguu, chupa, mifuko. Upepo unaleta mifuko mpaka uani kwetu. Asubuhi nimetoa mmoja kwenye mti wa mpapai kwa fimbo.

Bibi hajala mchana. Jioni, vijiko vitatu vya uji.

Alhamisi, 7 Mei

Sasa najua nyama inakwenda wapi.

Leo Bibi aliniita chumbani. Alikuwa ameifunga nyama yote kwenye mfuko ule ule ilimokuja. "Katupe mbali. Baba yako asione." Nikamuuliza kwa nini asimwambie Baba kwamba haitaki. Akanitazama kama mtoto mdogo. "Nyama ya mkwe nitaikataaje?"

Ni kweli. Baba na Bibi hawaongei. Hawajagombana. Ndiyo heshima ya mkwe kwao, kwa Baba Mnamwanga na kwa Bibi Mndali. Baba hamtazami usoni. Bibi akisikia viatu vyake anajivuta kitenge kichwani na kuingia ndani. Chakula wanakula pazia likiwa katikati, Baba sebuleni na Bibi chumbani, mimi mlangoni. Wakitaka kuambiana jambo wanapitisha kwangu, hata kama wote wanasikia.

"Mwambie baba yako mlango wa nyuma umelegea."

"Baba, mlango wa nyuma umelegea."

"Mwambie bibi yako nimesikia."

Mama alikuwa anawacheka mpaka anashika mbavu.

Nimeitupa nyama kwenye jalala la nyuma ya maegesho ya malori. Imeniuma. Nyama nzuri.

Jumamosi, 9 Mei

Siku ya usafi mtaani. Wamechoma jalala. Moshi mweusi, mzito, unanata kooni. Bibi amekohoa mchana kutwa nikafunga madirisha.

Zamani tulikuwa na jaa letu wenyewe hapa nyuma ya nyumba. Nilikuwa bado sijaanza shule. Lilikuwa la majivu, maganda ya ndizi, mabua, manyoya ya kuku. Hakukuwa na kitu kisichooza. Mvua zikianza maboga yaliota yenyewe pale juu, majani mapana kuliko uso wangu. Mama alichuma majani yale jioni. Alikuwa anasema hakuna aliyeyapanda, kwa hiyo hakuna wa kumwomba.

Sasa pale pana chumba cha mpangaji.

Jumapili, 10 Mei

Kanisani peke yangu. Baba yuko safari. Yeye ni dereva wa fuso ya tajiri mmoja wa mazao, anabeba mahindi na maharage kutoka Mlowo na Vwawa kuleta hapa mpakani. Siku Mama alipozidiwa, Baba alikuwa anapakia magunia huko ndani mashambani, simu haishiki. Alifika jioni. Mama tulikuwa tumeshamfunika uso.

Kwaya iliimba ule wimbo ambao Mama alikuwa anaimba akifua. Nilitoka nje.

Jumatatu, 11 Mei

Sikwenda shule. Nimempeleka Bibi zahanati. Nilimshika mkono njia nzima, ni mwepesi kama kuni kavu. Mganga amempima kila kitu. Malaria hana. Kifua kizima. Akanivuta pembeni. "Huyu mama hana ugonjwa. Hali. Asipokula, mwezi ujao hutamleta hapa kwa miguu."

Sikuelewa mara moja. Nilielewa tulipofika njiani.

Jioni nikamweleza Baba. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Halafu akatoka. Akarudi na maini.

Nilitaka kulia na kucheka.

Jumatano, 13 Mei

Leo nimemuuliza Bibi moja kwa moja. Ungekula nini?

Akavuta kitenge mabegani. "Mboga ya mama yako. Ile ya majivu."

Nilikuwa nimeisahau. Hapana, sikuisahau, niliiweka mbali. Majani ya maboga au majani ya maharage, karanga za kutwanga, na maji ya majivu. Mama alikuwa hatupi maganda ya maharage. Aliyachoma, majivu yake akayatia kwenye kopo lenye matundu chini, akamwaga maji polepole juu. Yanayodondoka yana rangi ya chai. Kijiko kimoja au viwili ndani ya mboga, basi inalainika na inakuwa na ladha ambayo chumvi ya dukani haina. Alikuwa ananidondoshea tone moja kwenye ulimi. "Yanateleza?" Nikisema yanateleza, anajua yamekuwa makali ya kutosha.

Yeye alifundishwa na Bibi. Huko milimani Ileje, wakati wa Bibi msichana, chumvi ilikuwa inatoka mbali, Ivuna, kwa mguu. Walikuwa na majivu.

Nikasema nitampikia. Bibi akatikisa kichwa. "Si katika nyumba hii. Watu watasema mkwe wake anamlisha majani. Utamwaibisha baba yako."

Alhamisi, 14 Mei

Baba yuko nyumbani. Kuku mzima. Nilimchinja mwenyewe. Bibi alimshukuru kupitia kwangu, kwa maneno mazuri, na Baba alifurahi. Halafu paja likaingia kwenye mfuko.

Nimechoka kutupa. Leo nilisimama pale jalalani muda, mfuko mkononi. Mbwa walikuwa wananingoja. Wananijua sasa.

Jumamosi, 16 Mei

Baba amekwenda Vwawa. Nimepika.

Maganda nimeyapata jalalani. Akina mama wanaopukuchua maharage sokoni wanamwaga pale, rundo kubwa, makavu kabisa. Nikayachoma palepale ili nisijaze moshi nyumbani. Majivu nikayabeba kwenye ndoo. Ezekia akapita na wenzake. "Oya, mama lishe! Leo unauza nini, majivu?" Sikumjibu. Kopo nikalitoboa kwa msumari. Majani ya maboga nimenunua. Karanga nimetwanga mwenyewe. Mikono inauma.

Maji yalitoka meusi. Nilijua hayako sawa. Nikajiambia labda macho.

Bibi alikaa wima kitandani aliposikia harufu ya karanga. Akachukua tonge la kwanza. Akalishika mdomoni. Sura yake ilibadilika. Hakutema mbele yangu. Alimeza.

Mimi nilikula bakuli zima kwa ubishi.

Jumapili, 17 Mei

Nimetapika usiku wote. Bibi pia, mara moja. Ni mimi niliyemtapisha. Mtu asiyekula, nimemtoa hata kile kidogo.

Asubuhi akanituma nilete ndoo ya majivu. Akachambua kwa vidole, akatoa kidonge cheusi, kigumu, kinang'aa. Halafu kingine. Mifuko. Imeyeyuka pamoja na maganda.

"Hiki ni nini?"

"Plastiki, Bibi."

"Na wewe ukanipikia."

"Sikujua."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema tu kwamba zamani kilichotupwa na kilichopikwa vilikuwa ndugu, mtu angeweza kuchukua huku akapeleka huku. Akalala, akageukia ukutani.

Jumanne, 19 Mei

Balaa bombani.

Mama Chanda anauza chakula kwa madereva, pembeni ya maegesho. Ni mtu wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, ameolewa hapa. Anajua kila kitu kabla hakijatokea. Tulikuwa foleni ya maji, watu wengi. "Iwe, Ambakisye. Kwenu mnakula nini siku hizi mpaka mbwa wa jalalani wamenenepa?" Wakacheka. "Mimi nanunua mifupa, nyie mnatupa minofu. Paja la kuku zima, limeungwa na nyanya. Nililiona kwa macho yangu. Kule kwetu umunani hautupwi. Kitoweo kinatupwa na mchawi au tajiri, nyie ni yupi?"

Nikasema si sisi.

"Mwaice, mtoto wewe, mfuko ulitoka mkononi mwako."

Nilijaza ndoo nusu nikaondoka. Nyuma yangu wanaendelea. Kufikia jioni itakuwa imemfikia Baba.

Jumatano, 20 Mei

Imemfikia.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa sebuleni na nguo za kazi, mikono magotini. Akaongea na mimi lakini kwa sauti ya kupita pazia.

"Mwambie bibi yako, nyama yangu kama ina sumu, angesema. Kama ananidai mwanawe, pia angesema. Nilikuwa porini na magunia ya watu. Mwambie sikujua. Kama nyumba hii imemchosha, nitamtafutia gari."

Sikuweza kuyarudia. Hakukuwa na haja.

Halafu Bibi, taratibu: "Mwambie baba yako nimesikia."

Nilipoingia alikuwa anakunja vitenge vyake, kimoja kimoja. Akaniambia kuna gari la Itumba, huko Ileje, siku ya Alhamisi ya wiki ijayo, la watu wa kwao. Atapanda hilo. Nikamwambia hawezi safari, barabara ni mawe na kona mpaka juu. Akasema kufika atafika.

Nilielewa. Anakwenda kwao kufa.

Alhamisi, 21 Mei

Shule. Mwalimu ametaka kuona tulipofikia. Tabitha ameandika vizuri: maganda, majivu, makopo, mifuko. Mimi karatasi nyeupe. Ningeandika nini? Tunatupa nyama. Tunakula tusichotaka.

Baadaye chini ya dawati nikaandika hivi, ya kwangu tu: taka si kitu kibaya chenyewe. Ubaya ni kuchanganya. Ganda la maharage peke yake ni chumvi. Mfuko peke yake unaweza kuoshwa ukatumika tena, Mama alikuwa anaianika mifuko yake kwenye kamba kama nguo. Vikichomwa pamoja vyote ni sumu. Nyumbani kwetu pia tumechanganya. Huzuni ya Baba na huzuni ya Bibi zimewekwa kwenye mfuko mmoja, na mimi ndiye nakwenda kutupa.

Sijui kama hii ndiyo tafakari anayoitaka Mwalimu.

Ijumaa, 22 Mei

Nimemuuliza Bibi kuhusu nyama. Nimemwambia kama anakwenda, aniachie ukweli.

Siku ya mazishi kabla mwili haujatolewa, wanawake walimletea wali na nyama. Alikuwa hajala tangu Ileje. Walimwambia kula mama, una safari ya makaburini. Akala. Alikuwa na njaa, akala kwa hamu. Alikuwa anatafuna walipoanza kupigilia misumari kwenye jeneza chumba cha pili.

"Nilikuwa na mnofu mdomoni, mume wangu. Mwanangu anapigiliwa, mimi natafuna. Tangu hapo nikiweka nyama mdomoni nasikia nyundo."

Hakuna wa kumlaumu. Si Baba, si mtu yeyote.

Nimekaa naye mpaka giza likaingia.

Jumamosi, 23 Mei

Nimemwambia Baba.

Alikuwa uani anapima upepo wa matairi ya fuso. Nilisema yote bila kupumzika, ya nyama, ya misumari, ya mboga ya majivu na plastiki. Alisimama na chuma chake cha kugongea matairi mkononi.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambiaje?"

Akatoa kicheko kifupi. Cha kwanza tangu msiba. Halafu akakaa kwenye ngazi ya gari na kujifuta uso kwa kitambaa chenye grisi, akabaki na mstari mweusi shavuni.

Akaniambia jambo nisilolijua. Walipooana hawakuwa na kitu. Bibi alikuja mara ya kwanza kuwatembelea na wakala mboga za majani siku zote alizokaa. Baada ya kuondoka Mama alimwambia Baba, siku nyingine mama yangu akija usimwache ale majani, kwetu watasema nimeolewa kwenye njaa. "Ndiyo maana naleta nyama. Aliniagiza."

Mama alisema hivyo. Na Mama huyo huyo alipika mboga ya majivu kila wiki akaipenda. Nadhani aliona aibu siku moja tu, akasahau. Baba hakusahau.

Nikamshikia pampu.

Jumatatu, 25 Mei

Baba ameondoka alfajiri. Mlowo, halafu ndani mashambani. Hakusema lolote kuhusu Bibi.

Begi la Bibi liko mlangoni. Limefungwa kwa kamba ya katani. Ameniachia kitenge kimoja cha Mama, kile cha kijani chenye samaki. Ndicho Mama alichonibebea mgongoni nikiwa na surua, nakumbuka samaki karibu na jicho langu.

Nimemlazimisha uji. Robo kikombe.

Jumanne, 26 Mei

Baridi. Bibi amelala mchana kutwa. Nimeangalia kifua chake kama kinapanda.

Mama Chanda amepita mlangoni na bakuli la ifisashi, majani yaliyoungwa na karanga kwa mtindo wao. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Nimesikia mzee hali. Mwambie ni mimi yule mwenye mdomo." Bibi ameonja kijiko akatabasamu kidogo, akasema mwanamke huyu anajua karanga. Halafu akarudisha bakuli. Hata hivyo nimemsamehe Mama Chanda.

Jumatano, 27 Mei

Nataka kuandika hili vizuri.

Jioni fuso imeingia mtaani ikiwa tupu, imeshashusha. Baba akafungua nyuma, akashuka na kiroba kikubwa begani. Chepesi, nilijua kwa jinsi alivyokibeba. Makuli wawili waliokuja naye wanamcheka. "Dereva, umeanza kufuga punda?" Mwingine akasema tajiri amemwona anazoa takataka za watu shambani akadhani jua limempiga. Baba hakuwajibu. Shati lake limejaa vumbi la mabua, mpaka kwenye nyusi.

Akakiweka kiroba kizingitini, pazia likiwa limeshuka. Akakohoa.

"Mwambie bibi yako mzigo wake huu. Maganda ya maharage. Yametoka shambani moja kwa moja, hayajapita jalalani. Nimeyachambua mwenyewe, kama kuna kamba ya plastiki humo ni macho yangu ya uzee."

Kisha akaenda bafuni haraka, kama mtu aliyevunja kitu.

Bibi alitoka. Kwa miguu yake. Akapiga magoti kando ya kiroba, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi na kuinusa. Akavunja ganda moja sikioni, asikie.

"Ya mwaka huu," alisema. Halafu: "Mkwe gani huyu analeta takataka."

Alikuwa analia. Sijui kama alijua.

Alhamisi, 28 Mei

Gari la Itumba limepita. Bibi alimtuma mtoto wa mpangaji akawaambie waende tu.

Sikwenda shule. Ameniamuru mchana kutwa kutoka kwenye kigoda. Nichome juu ya bati, si ardhini. Nisipulize, moto wa maganda haupulizwi. Nisubiri majivu yawe meupe, yakiwa ya kijivu ni bado. Nimwage maji kwa kikombe, si kwa ndoo, "unaogesha mtoto au unazima nyumba?" Nilipokosea alinipokonya kikombe. Alikuwa na nguvu za kunipokonya.

Maji yalidondoka rangi ya chai. Nikaweka tone ulimini. Yanateleza.

Majani ya maboga, karanga, vijiko viwili. Ugali amesonga mwenyewe nusu, nusu mimi.

Alikula. Sitaandika kiasi gani. Alikula mpaka akaomba maji.

Halafu akapakua bakuli la pili, akalifunika kwa sahani, akanipa. "Mpelekee baba yako. Mwambie mkwe wake amempikia majani. Akitaka kutupa, mbwa wapo."

Baba alikula amesimama uani, nyuma ya fuso, mgongo umetugeukia. Alikula muda mrefu. Aliporudisha bakuli macho yake yalikuwa mekundu, akasema moshi. Moto ulikuwa umezimika saa nyingi.

Ijumaa, 29 Mei

Nimempa Mwalimu tafakari yangu. Nimeandika jinsi ya kutenganisha maganda, na jinsi ya kutengeneza maji ya majivu. Mengine sikuandika. Ezekia ameisoma begani kwangu akaniuliza kama kweli inanoga. Nikamwambia aje Jumapili. Akasema atakuja kama kutakuwa na nyama pembeni, kwa usalama.

Nyama haitakuwepo. Baba ameniambia atakula ya kwake njiani, huko Mlowo, ikimlazimu.

Jumapili, 31 Mei

Ezekia alikuja, alikula mara mbili, akaondoka bila kusema neno. Kwake huo ni ushahidi.

Jioni baridi, mbingu safi. Uani kuna marundo mawili sasa. La maganda na majivu pale ukutani, na gunia la mifuko na chupa kwa ajili ya jalala. Bibi ndiye anayekagua. Amemgombeza mpangaji.

Tumekula kama kawaida. Baba sebuleni, Bibi chumbani, pazia, mimi mlangoni. Maji ya kunywa yakaisha nikachukua ndoo nikatoka. Bombani hakukuwa na watu. Nilirudi mapema kuliko walivyotegemea.

Nikiwa bado nje, karibu na mlango wa nyuma, nikasikia sauti ya Bibi.

"Mwambie baba yako, mwanangu alipokuwa mdogo alikuwa haogopi moto kabisa. Aliunguza nywele zake za mbele mara mbili."

Halafu Baba.

"Mwambie bibi yako hata hapa alikuwa hivyo. Alikuwa anashika sufuria kwa mikono mitupu."

"Mwambie baba yako hiyo alichukua kwangu."

"Mwambie bibi yako nilijua."

Niliweka ndoo chini polepole isigonge. Nikakaa kwenye kizingiti cha nje, nikawaacha waendelee kuniambia.